Breki za ABS: Zinachomsaidia Dereva na Zisichoweza Kumsaidia

Tarehe 24 Februari 2024, lori liliyagonga magari mengine matatu katika eneo la Ngaramtoni, pembezoni mwa jiji la Arusha, kwenye barabara kuu iendayo Namanga. Watu 25 walipoteza maisha na wengine 21 wakajeruhiwa. Taarifa za awali za Jeshi la Polisi zilieleza kuwa breki za lori hilo zilifeli. Karibu miaka saba kabla ya hapo, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lucky Vincent ya jijini Arusha lilitumbukia korongoni katika eneo la Rhotia, wilayani Karatu, siku ya mvua. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki dunia. Watoto watatu tu ndio walionusurika.

Baada ya misiba ya aina hii, mazungumzo ya vijiweni, sokoni na hata wodini hurejea kwenye jambo moja: breki. Na katika mazungumzo hayo huzuka imani kwamba gari la kisasa lenye mfumo wa ABS husimama papo hapo, haliteleze, na kwa hiyo dereva wake anaweza kukimbia bila hofu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini sehemu iliyobaki ni ya hatari. ABS humsaidia dereva kwa namna moja mahususi: huzuia magurudumu yasifungwe kabisa, ili usukani uendelee kutii. Haiongezi msuguano ambao barabara haina, haipozi breki zilizopata joto kupita kiasi, wala haimrudishii dereva muda alioupoteza kwa kuchoka, kulewa au kusinzia kwa sababu ya dawa. Makala haya yanaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, mipaka yake katika barabara za Arusha na miteremko ya Mlima Meru, na nafasi ya mhudumu wa afya na mgonjwa katika suala ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa magari peke yao.

Gurudumu linapofungwa

Breki hazilishiki gari, hulishika gurudumu. Kinacholisimamisha gari ni msuguano baina ya tairi na barabara, katika eneo dogo la mgusano ambalo kwa kila tairi halizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Nguvu zote za kusimama, kuongeza mwendo na kukata kona hupitia katika viganja hivyo vinne.

Gurudumu linapozunguka, sehemu ya tairi inayogusa ardhi hutulia juu ya barabara kwa kitambo kifupi kabla ya kuinuka na kuipisha sehemu inayofuata. Hali hiyo ndiyo inayolipa tairi uwezo wa kushika. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kupita uwezo wa msuguano, gurudumu husimama ilhali gari bado linakwenda. Kuanzia hapo mpira huburuzwa juu ya lami. Katika lami, mpira unaoburuzwa hushika kidogo kuliko unaoviringika. Na jambo baya zaidi ni kwamba tairi linaloburuzwa hupoteza karibu uwezo wake wote wa kulielekeza gari upande. Magurudumu ya mbele yakifungwa, dereva anaweza kuuzungusha usukani hadi mwisho na gari likaendelea mbele vilevile. Ya nyuma yakifungwa, mkia wa gari huhama na gari huweza kujizungusha.

Madereva wa zamani walilijua jambo hili kwa uzoefu, na ndiyo maana walifundishwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, hasa wakati wa mvua. Walichokuwa wakijaribu kukifanya kwa mguu, ABS hukifanya kwa haraka zaidi, na katika magari mengi hukifanya kwa kila gurudumu peke yake.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Wazo hili lilitangulia katika ndege. Katika miaka ya 1950, kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitengeneza kifaa kilichoitwa Maxaret ili kuzuia magurudumu ya ndege yasifungwe wakati wa kutua kwenye njia yenye maji. Katika magari, mfumo wa kielektroniki wa magurudumu yote manne uliotengenezwa na Bosch uliingizwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Leo magari mengi madogo yanayoingia Tanzania yakiwa yametumika nchini Japani huja nao.

Mfumo una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni vihisi vya mwendo vilivyowekwa karibu na magurudumu. Kila kihisi husoma kasi ya mzunguko wa gurudumu lake. Ya pili ni kompyuta ndogo inayolinganisha taarifa za vihisi hivyo. Ya tatu ni kisanduku chenye vali na pampu, kilichounganishwa na mabomba ya mafuta ya breki.

Dereva anapofunga breki ghafla, kompyuta huangalia kama kuna gurudumu linalopunguza mzunguko kwa haraka kuliko gari lenyewe linavyoweza kupunguza mwendo. Hiyo ni dalili kwamba gurudumu linakaribia kufungwa. Hapo kompyuta huamuru vali ya gurudumu hilo izuie shinikizo lisiongezeke. Hatari ikiendelea, vali nyingine huachia sehemu ya shinikizo ili gurudumu lianze tena kuzunguka. Kisha pampu hurejesha shinikizo. Mzunguko huu wa kushika, kuachia na kushika tena hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde, kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuifikia.

Dereva huuhisi mzunguko huo kama mtetemo chini ya unyayo, mara nyingi ukiambatana na mlio wa kukwaruza. Mtetemo huo si hitilafu. Ni dalili kwamba mfumo umeingia kazini. Wapo madereva ambao, kwa kushtushwa nao, huondoa mguu kwenye kanyagio katika sekunde ileile ambayo msaada unahitajika. Mwenye gari lenye ABS anapaswa kukanyaga kwa nguvu zote, kuendelea kukanyaga bila kuachia, na kutumia usukani kukikwepa kilicho mbele yake. Mwenye gari lisilo na ABS ndiye anayehitaji kukanyaga na kuachia. Kwa hiyo kila dereva anapaswa kujua anaendesha gari la aina gani kabla ya kuondoka, si wakati ng'ombe ameshaingia barabarani.

Hesabu ya umbali

Umbali wa kusimama una sehemu mbili. Ya kwanza ni umbali unaopitwa tangu jicho lione hatari hadi mguu ukanyage breki. Ya pili ni umbali unaopitwa breki zikiwa zimeshika. ABS inahusika na sehemu ya pili tu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa sehemu ya kwanza. Mtu mwenye afya njema, aliye macho, akihitaji sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga, gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa litakuwa limekwenda mita 21 kabla breki hazijaanza kazi. Katika lami kavu, gari lenye breki nzuri huhitaji takriban mita 14 zaidi ili lisimame. Jumla ni mita 35. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hesabu ileile hutoa mita 33 za kutambua hatari na mita 35 za breki, jumla mita 68. Lami ikilowa na msuguano ukapungua, mita 35 za breki zinaweza kufika 60 au zaidi, hata ABS ikiwa nzima.

Tofauti ndogo ya mwendo huzaa tofauti kubwa ya majeraha. Tuseme mtoto amevuka barabara mita 35 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi Tanzania, atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 60 kwa saa, mwenye gari lilelile na breki zilezile, atamfikia mtoto huyo akiwa bado katika mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Kilomita kumi zilizoonekana si kitu kwenye dashibodi zimekuwa kipigo kamili mwilini. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye vifo huongezeka kwa asilimia 4. Shirika hilohilo linaeleza kuwa majeraha ya barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Vumbi, changarawe na tope la Meru

Jiji la Arusha limekaa kwenye miguu ya Mlima Meru, katika mwinuko wa takriban mita 1,400. Mlima huo ni volkano, na udongo unaouzunguka umetokana na majivu na mawe yake. Mtu akiacha lami na kupanda kuelekea Ilboru, Olmotonyi, Nkoaranga au Ngare Nanyuki, hukutana na barabara za vumbi jepesi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika na vuli. Hapa ndipo mpaka wa kwanza wa ABS unapoonekana waziwazi.

Katika changarawe au vumbi zito, gurudumu lililofungwa huchimba na kukusanya udongo mbele yake kama jembe. Lundo hilo husaidia kulizuia gari. ABS hulinyima gurudumu nafasi ya kuchimba, kwa kuwa huliachia lizunguke tena kila linapokaribia kufungwa. Matokeo yake ni kwamba katika barabara ya changarawe, gari lenye ABS linaweza kuhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko gari lisilo nayo. Faida inayobaki ni usukani: dereva bado anaweza kulielekeza gari, jambo ambalo gari lililofunga magurudumu haliwezi. Kwa hiyo anayeshuka barabara ya vumbi kwa kutegemea ABS anapaswa kujiwekea nafasi kubwa zaidi mbele yake kuliko anayojiwekea kwenye lami.

Katika tope la utelezi, mfumo hukutana na tatizo jingine. Msuguano wenyewe ni mdogo, na kompyuta haina cha kugawa. Ni kama mgao wa maji wakati wa ukame: bomba linaweza kugawa vizuri, lakini haliwezi kutoa maji ambayo hayapo kwenye tangi. Hali ni hiyohiyo kwenye lami iliyofunikwa na maji, hasa tairi likiwa limekwisha. Mifereji ya tairi ndiyo inayoyasukuma maji pembeni. Ikibaki na kina kidogo, tairi huelea juu ya maji na breki, za aina yoyote, hukosa cha kushika. Katika nchi nyingi kina cha chini kinachoruhusiwa ni milimita 1.6, na tairi hupoteza uwezo wake katika mvua hata kabla ya kufika hapo.

Mteremko na joto

Mpaka wa pili ni joto. Breki hufanya kazi kwa kugeuza nguvu ya mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likiteremka kimo cha mita 300 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha takriban lita 13 za maji. Lori la tani 30 katika mteremko huohuo huzalisha joto la kuchemsha zaidi ya lita 250. Joto lote hilo huingia kwenye diski, ngoma na pedi za breki, kisha hutoka polepole kwa upepo.

Dereva akiendelea kukanyaga mteremko mzima, joto huingia kwa kasi kuliko linavyotoka. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika, na kanyagio linaweza kuwa gumu ilhali gari halipungui mwendo. Katika magari madogo kuna hatari ya ziada ndani ya mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishaingiwa na unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea: kanyagio huzama hadi chini bila breki kushika. Katika malori na mabasi yanayotumia breki za upepo, kukanyaga na kuachia mara kwa mara huweza kuumaliza upepo kwenye matangi haraka kuliko kompresa inavyoujaza.

ABS haihusiki na lolote kati ya haya. Kazi yake ni kupunguza shinikizo pale gurudumu linapotaka kufungwa; breki zilizochoka kwa joto haziwezi hata kulifunga gurudumu, hivyo mfumo hauna cha kusahihisha. Kinga ya mteremko ni ya zamani na haijabadilika: kupunguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, kuingiza gia ndogo ili injini ilizuie gari, kutobeba mzigo kupita kiasi, na kubadilisha mafuta ya breki kwa muda uliopangwa na mtengenezaji, ambao kwa magari mengi ni takriban miaka miwili. Gari la gia za kujiendesha nalo lina nafasi za gia ndogo, ambazo madereva wengi hawajawahi kuzigusa.

Taa mbili za kwenye dashibodi

Swichi inapowashwa, taa ya njano yenye herufi ABS huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika. Ikiendelea kuwaka safarini, maana yake ni kwamba mfumo umejizima. Breki za kawaida bado zipo, lakini magurudumu yanaweza kufungwa kama katika gari la zamani. Mara nyingi chanzo ni kihisi kilichojaa tope, waya uliokatika au hitilafu ndogo inayorekebishika. Taa isipowaka kabisa wakati wa kuwasha gari, huenda balbu imeungua au kuna mtu ameiondoa ili isimkere, na hiyo ni sawa na kumnyamazisha mgonjwa asieleze maumivu yake. Taa nyekundu ya breki ni jambo jingine. Ikiwa breki ya mkono imeachiwa na taa hiyo bado inawaka, huenda mafuta ya breki yamepungua au yanavuja, na gari linapaswa kusimamishwa mahali salama mara moja.

Usalama unaozaa ujasiri

Mpaka wa tatu umo ndani ya dereva mwenyewe. Katika miaka ya 1980, jijini Munich nchini Ujerumani, watafiti walilinganisha teksi zenye ABS na zisizo nayo katika kampuni moja. Walitarajia ajali zipungue. Idadi yake ikabaki karibu sawa. Waangalizi waliona kuwa madereva wa teksi zenye ABS waliendesha kwa ujasiri zaidi na kulikaribia zaidi gari la mbele. Walikuwa wameutumia usalama walioongezewa kununua mwendo. Tathmini za baadaye nchini Marekani zilionyesha kuwa ABS hupunguza ajali kwa jumla, hasa za kugonga gari la mbele kwenye barabara yenye maji, lakini athari yake kwa jumla ya ajali zenye vifo ilikuwa ndogo mno.

Matokeo hayo hayamaanishi kuwa mfumo haufai. Yanamaanisha kuwa faida yake hubaki pale tu ambapo dereva anaendesha kana kwamba hana ABS.

Dawa, ugonjwa na sekunde moja na nusu

Hapa suala linaingia moja kwa moja katika chumba cha daktari na dirisha la dawa. Sekunde moja na nusu iliyotumika katika hesabu zilizotangulia ni ya mtu aliye macho na mwenye afya njema. Nusu sekunde ikiongezeka kwa sababu yoyote, gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huenda mita 11 zaidi kabla breki hazijaguswa, sawa na Hiace mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hakuna kifaa kilicho chini ya gari kinachoweza kuzirudisha mita hizo.

Dawa nyingi za kawaida hupunguza wepesi wa kutambua na kuamua. Miongoni mwake ni dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, na prometazini, diazepamu na dawa nyingine za usingizi na wasiwasi, amitriptilini, tramadoli, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenobabitoni, hasa mwanzoni mwa matibabu au dozi inapoongezwa. Pombe ikichanganywa na yoyote kati ya hizi, usingizi huzidi. Mtu aliyekunywa dawa ya mzio usiku anaweza kuamka asubuhi akijiona yuko sawa, ilhali wepesi wake bado haujarudi.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, hatari ni kushuka kwa sukari. Dalili zake, yaani kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa na kuona ukungu, zinaweza kuanza safarini, na mtu anayechanganyikiwa huenda asitambue kwamba anachanganyikiwa. Mtoto wa jicho, kifafa kisichodhibitiwa, na tatizo la kukatika pumzi usingizini ambalo humfanya mtu asinzie mchana, navyo huongeza umbali wa kusimama bila kugusa breki.

Jibu si mgonjwa kuacha dawa. Kifafa kisichotibiwa na sukari isiyodhibitiwa ni hatari kubwa zaidi, barabarani na nyumbani. Jibu ni mazungumzo. Mhudumu wa afya anayeandika au kutoa dawa ya kuleta usingizi anapaswa kumuuliza mgonjwa: "Je, unaendesha chombo chochote cha moto?" Swali lisiishie kwa mwenye gari. Arusha ina vijana wengi wa bodaboda, madereva wa daladala, wa malori ya mizigo ya Namanga na wa magari ya watalii, na wengi wao hufika kliniki wakiwa wamevaa nguo za kawaida zisizoonyesha kazi yao. Mara nyingi ipo dawa mbadala isiyoleta usingizi, kama setirizini, ambayo huwasinzisha watu wachache zaidi, au loratadini kwa mzio. Au muda wa kumeza unaweza kupangwa upya. Au mgonjwa akashauriwa asiendeshe kwa siku za kwanza hadi ajue mwili wake unavyoipokea dawa.

Gari la wagonjwa na bodaboda

Wahudumu wa afya nao ni wasafiri wa barabara hizi. Mgonjwa anayehamishwa kutoka zahanati ya mlimani kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, au kutoka Arusha kwenda KCMC mjini Moshi, husafiri katika gari zito, mara nyingi kwa haraka, wakati mwingine usiku na mvua ikinyesha. Mfumo wa m-mama, unaopokea simu za dharura za wajawazito na watoto wachanga kupitia namba 115, hutumia pia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana. Madereva hawa wote wanahitaji maarifa yaleyale: kukanyaga bila kuachia iwapo gari lina ABS, kutumia gia ndogo kwenye mteremko, na kutambua kuwa king'ora hakifupishi umbali wa kusimama.

ABS inapofanya kazi sawasawa, gari hupunguza mwendo kwa nguvu kubwa, na kila kisichofungwa ndani huendelea mbele. Mgonjwa aliyelazwa bila mikanda, muuguzi aliyesimama akirekebisha dripu, na mtungi wa oksijeni usiofungwa huwa hatarini hata pale dereva alipofanikiwa kuepuka kugonga. Mikanda ya machela, kiti chenye mkanda kwa muuguzi na kishikizo cha mtungi ni sehemu ya usalama wa breki.

Pikipiki nyingi za bodaboda hazina ABS kabisa. Gurudumu la mbele la pikipiki likifungwa, mara nyingi chombo huanguka katika sekunde hiyohiyo. Dereva wa bodaboda hana budi kupunguza mwendo mapema, kutumia breki zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu, kuepuka kufunga breki ghafla ndani ya kona au juu ya mchanga, na kuvaa kofia ngumu yeye na abiria wake.

Mambo ya kukumbuka kabla ya safari

Kwa dereva, mgonjwa na mhudumu wa afya, mambo yafuatayo yanatosha kubandikwa ukutani:

Dereva ajue kama gari lake lina ABS, na aangalie taa ya njano inawaka na kuzimika wakati wa kuwasha. Kwenye hatari akanyage kwa nguvu, asiachie, aelekeze usukani. Kwenye changarawe, tope na lami yenye maji apunguze mwendo mapema, kwa kuwa hapo mfumo hauwezi kumwokoa. Mteremkoni atumie gia ndogo. Tairi, pedi na mafuta ya breki vikaguliwe kabla ya masika, si baada ya ajali.

Mgonjwa aliyepewa dawa mpya aulize kama inaleta usingizi, na anayetumia insulini apime sukari kabla ya kushika usukani na awe na kitu cha sukari ndani ya gari. Mhudumu wa afya aulize swali la chombo cha moto kwa kila mgonjwa anayempa dawa ya kusinzisha, na aandike jibu kwenye faili kama anavyoandika mzio wa dawa.

Lori lisilo na breki katika mteremko wa Ngaramtoni haliwezi kusimamishwa na kompyuta. Linaweza kusimamishwa kabla halijaondoka gereji, na mtu aliyeziangalia breki zake.